Dari la Bait Nawar

Runyenjes, Embu
9 Januari 2024

Madam Balqees,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na majani chai. Hunijui. Naitwa Rufus Njeru, fundi wa madari ya jipsamu. Nilifanya kazi Muscat miaka kumi, kuanzia 2006 mpaka masikio yaliponishinda. Mashine ya kukatia ilikula usikivu wangu, ndiyo sababu naandika. Ukinipigia simu tutapigiana kelele tu bila faida.

Binamu yangu Velma, yule wa mapokezi katika ofisi yenu ya urithi wa kale hapo Al Khuwair, alituma kwenye kundi la watu wetu makala uliyoandika kuhusu madari ya plasta katika nyumba za shamba zilizopotea. Aliyatuma kwa kujivunia ofisi yake. Niliyasoma nikinywa uji, na nilipofika picha ya sita uji ukapita njia isiyo yake.

Umeandika kwamba dari la chumba cha juu cha Bait Nawar, ile nyumba ya kwenye mitende nje ya Qurayyat iliyobomolewa kupisha barabara, lilitengenezwa kati ya mwaka 1885 na 1895 na fundi asiyejulikana. Umeandika pia kwamba kila ua lina petali tisa badala ya kumi kwa sababu fundi huyo, kwa unyenyekevu, aliiachia kazi yake kasoro, maana ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Umeandika vizuri sana. Nilimsomea mke wangu, akasema fundi huyo lazima alikuwa mcha Mungu.

Madam, fundi huyo ni mimi. Dari hilo nililitengeneza mwaka 2007, mwezi wa saba na wa nane, na sikuwa nanyenyekea.

Sitaki chochote kwako. Naona tu si vizuri mtu asifiwe akiwa hai halafu aambiwe hajulikani.

Wako,
Rufus Njeru

*

Al Khuwair, Muscat
14 Januari 2024

Bwana Rufus Njeru,

Barua yako nimeipokea. Nashukuru kwa kuyasoma makala yangu kwa makini.

Pengine hujui kilichomo katika kazi hii. Nyumba za shamba, ambako familia kubwa zilihamia wakati wa joto kwa ajili ya mavuno ya tende, nimezihesabu zaidi ya arobaini upande huu wa pwani. Zimebaki mbili, na zote mbili dari hazina. Miaka sita nimekuwa nikikusanya picha, barua na vipande. Bait Nawar ndiyo nyumba pekee ambayo dari lake lilipigwa picha lote kabla ya kubomolewa mwaka 2014. Sura ya nne ya kitabu changu imesimama juu ya picha hizo, na kitabu chenyewe kimesimama juu ya sura ya nne. Kinakwenda kiwandani kuchapwa tarehe mosi Machi.

Nyumba ile ilikuwa ya Marehemu Bakhit bin Anas, mume wa shangazi yangu, Bi Ghaliya. Sisi watoto tulikatazwa kuingia chumba kile, lakini habari zake tulikua nazo. Mwaka 2010 ofisi yetu ilimrekodi Ami Bakhit kwa sauti yake, akieleza kwamba kimbunga cha 2007 kilipopita maji yalifika kifuani bustanini, na dari halikuguswa. Alikuwa mtu ambaye watu walimpelekea ugomvi wao awaamulie. Neno lake na neno lako hayawezi kuwa kweli yote mawili.

Isitoshe, plasta ile ina rangi ya pembe ya ndovu ambayo hupatikana kwa moshi wa ubani wa miaka mingi. Hilo nimelieleza kuanzia ukurasa wa 88.

Sikuiti mwongo. Huenda umechanganya nyumba. Ukiwa na ushahidi nitausoma. Mpaka hapo naomba usimwambie Velma wala kundi lenu.

Wako katika kazi,
Balqees binti Thani

*

Runyenjes
22 Januari 2024

Madam Balqees,

Velma sijamwambia, ingawa kumficha Velma jambo ni kama kumficha mbuzi kanisani.

Sikuchanganya nyumba. Mwezi wa sita mwaka 2007 nilikuwa juu ya jukwaa ndani ya duka la magari Wattaya, napachika mapambo ya plasta. Akaingia mama mmoja amebeba kitu ndani ya taulo. Wauzaji wakamkimbilia wakidhani anataka gari. Akawapita wote, akasimama chini yangu, akanisemesha kwa Kiswahili, kile cha pwani ambacho sisi wa milimani tulikuwa tukikisikia redioni tu.

"Wee kijana, waweza kutengeneza mengine kama hili?"

Akafungua taulo. Ndani mlikuwa na ua moja la plasta, kubwa kama sinia. Petali moja ilikuwa imevunjika.

Dari lote lilikuwa limeanguka, Madam. Mvua ya kimbunga iliulowesha udongo wa paa, boriti zikainama, na plasta ikashuka yote kwa pamoja juu ya kitanda cha mumewe, Mzee Bakhit. Mzee mwenyewe alikuwa India, amepasuliwa moyo. Ua lile moja liliangukia godoro likapona. Mama akaniambia daktari amekataza mzee asishtuliwe kwa jambo lolote, na kwamba anarudi baada ya wiki sita, na kitu cha kwanza atakachotaka ni kulala chumbani mwake atazame juu.

Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Bosi mpaka leo anajua nilikwenda Kenya.

Nilimimina silikoni juu ya ua, nikapata kalibu moja. Kwa kalibu hiyo nikamwaga maua ishirini na matatu, kila moja nimelitia nyuzi za katani ndani kama nilivyofundishwa Nairobi. Lile la asili nililipandisha pamoja na mengine, na nilipomaliza, kutoka chini hata mimi sikulitambua tena. Kazi hii niliifanya na mama peke yake. Alikuwa akinipandishia ndoo kwa kamba huku akinisomea makosa yangu.

Sasa chukua picha yako ya sita na lenzi. Katika kila ua, tazama petali iliyo mkabala na pengo. Utaona kipele kidogo kama punje ya mtama. Povu la hewa lilibaki kwenye kalibu yangu kwa sababu ya haraka. Mkono wa mtu hauwezi kukosea mahali palepale mara ishirini na tatu.

Umeandika pia kwamba pengo la petali linazunguka chumba kama mahujaji, na kwamba ua la saba limeelekea kibla. Nilikuwa nageuza kila ua robo duara ili jicho lisigundue kwamba yote ni mapacha. Mimi ni Mwanglikana. Kibla sikujua kiko wapi.

Na rangi ya pembe ni majani ya chai. Nilichemsha sufuria kubwa, nikapaka mara tatu. Ubani ulikuwepo, hilo hukukosea. Mama alikuwa akifukiza kila siku ili harufu ya plasta mbichi iishe.

Aliniapisha nisiseme mzee akiwa hai. Makala yako yanamwita marehemu, kwa hiyo nimesema.

Rufus Njeru

*

Wattaya
29 Januari 2024

Bwana Rufus,

Nimetazama. Vipele vipo.

Siku tatu sikwenda ofisini. Nilisema nina homa, lakini nilikuwa na aibu. Nimetembeza picha ile katika mikutano ya nchi tatu, nimewasimamisha watu mbele yake na kuwaonyesha ua la saba linavyoelekea kibla, na kuna bwana mmoja mwenye shahada nyingi aliyetokwa na machozi. Kurasa saba za kitabu changu ni chai.

Ua moja halina kipele. Liko safu ya pili, la tatu kutoka mlangoni. Kwa hiyo ndilo la asili, na kati ya yote ishirini na manne ndilo pekee ambalo fundi wa zamani aliligusa. Nimelitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu chochote katika kazi hii. Lakini ua moja si dari, na siwezi kuliandikia sura nzima.

Nina swali la ufundi tu. Mtu aliyefikiria kupaka chai, akafikiria kugeuza maua ili yasifanane, kwa nini hakuijaza petali iliyovunjika kabla ya kutoa kalibu? Sidhani kama ni kazi ya zaidi ya nusu saa.

Balqees

*

Runyenjes
2 Februari 2024

Madam Balqees,

Ni kazi ya dakika ishirini. Nilikuwa nimeshakoroga plasta na kisu kiko mkononi. Mama akanishika mkono.

"Liache vivyo hivyo," akasema.

Nikamwambia watu wataona.

"Watu hawahesabu maua."

Nilidhani anaogopa tutachelewa. Baadaye nilifikiri, mtu anayeogopa kuchelewa hawezi kusimama pale kwa muda ule wote akitazama ua moja. Muulize mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nimetengeneza madari zaidi ya mia tatu, mengine ya mabenki na mahoteli. Nikimaliza huwa nashuka ngazi, nakunja vifaa, naondoka. La Qurayyat ndilo pekee nililolala chini yake sakafuni nikalitazama. Mama alinikuta hapo akanicheka. Nakueleza ili ujue sikukuandikia kwa kutaka kukuharibia.

Rufus

*

Al Khuwair
5 Februari 2024

Kwa Shangazi Ghaliya, Qurayyat
(Lujain, naomba umsomee mama)

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na dawa mpya unaitumia na huiweki kabatini. Naandika kwa sababu nikija Ijumaa huwa kuna watu thelathini na hatupati kuzungumza.

Nilitaka uwe wa kwanza kujua kwamba sura ya Bait Nawar haitakuwemo kitabuni. Kurasa zimezidi na imebidi kupunguza. Picha zitabaki katika makabati ya ofisi, zimehifadhiwa vizuri. Najua ulikuwa unakisubiri. Usihuzunike.

Mwanao,
Balqees

*

Qurayyat
8 Februari 2024

Dada Balqees,

Mama amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze neno. Kwa hiyo usinilaumu mimi, Lujain.

"Mwambie sijapata kusikia kitabu cha nyumba kinachotoa nyumba. Mwambie hapa kila anayekuja nimeshamwambia kuwa dari la Bakhit litaonekana dunia nzima. Nduguze Bakhit wamekwisha agiza vitabu kumi na viwili. Kaka yake mkubwa anataka kimoja akiweke majlis, chumba cha wageni, kifunguliwe pale pale penye dari, ili akisimulia habari za maji yalivyopanda na dari lisiguswe, awe na cha kuonyesha. Sasa nikawaambie nini? Kurasa zimezidi? Nyumba za watu wengine zimetosha, yangu ndiyo imezidi? Mwambie nimeudhika. Na dawa nameza."

Dawa hamezi. Hiyo nimeongeza mimi.

Lujain

*

Wattaya
10 Februari 2024

Bwana Rufus,

Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua.

Nimeitoa sura ya nne. Nilipiga hesabu zangu hivi: nikiichapisha kama ilivyo, nachapisha uongo huku nikijua, na hilo siwezi. Nikichapisha kweli, namvua nguo shangazi yangu mbele ya wakwe zake. Habari ya dari lililookoka kwenye maji wanaisimulia kila harusi na kila matanga, na anayetajwa kama shahidi ni Ami Bakhit. Kweli yangu ingemfanya marehemu awe mtu aliyeshuhudia uongo, na Shangazi awe ndiye aliyemlisha uongo huo. Ana miaka sabini na tisa. Sikuona haki ya kumfanyia hivyo kwa ajili ya kitabu.

Kwa hiyo nilitoa sura na nikamdanganya kuhusu sababu. Na sasa amenikasirikia kwa kumnyima heshima ambayo ningempa kwa kumvunjia heshima. Mchapishaji naye anauliza kitabu bila sura ya nne kinahusu nini hasa.

Jina lako pia linapotea pamoja na sura hiyo. Kwa hilo nakuomba radhi. Ulikuwa na haki ya kusomwa.

Balqees

*

Runyenjes
13 Februari 2024

Madam Balqees,

Mimi usinihurumie. Jina langu lipo kwenye kitambulisho, linanitosha.

Ila unamzungumzia Mama Ghaliya kama yai. Wewe ni mtu wake, unamjua. Mimi nimefanya naye kazi, ambako ni kumjua kwa namna nyingine. Siku moja boriti ilikataa kukaa, nikasema tuache mpaka kesho. Alipanda ngazi kwa nguo zake zile ndefu, akaishika boriti kwa mabega mpaka nikaigongelea msumari, na alikuwa na miaka sitini na kitu. Aliposhuka aliomba maji ya kunywa, basi. Sikuwahi kumwona akimwogopa mtu. Alichokuwa akiogopa wakati ule ni moyo wa mumewe peke yake, na mume huyo sasa hayupo.

Umeamua kwa niaba yake bila kumuuliza. Mtajie jina langu tu. Asipotaka kusema, atajua jinsi ya kutosema.

Rufus

*

Al Khuwair
15 Februari 2024

Kwa Shangazi Ghaliya
(Lujain, naomba umsomee)

Shangazi,

Shikamoo. Kurasa hazikuzidi. Nimepata barua kutoka kwa Rufus.

Balqees

*

Qurayyat
16 Februari 2024

Dada Balqees,

Nimemsomea. Rufus ni nani? Tangu jana adhuhuri Mama amekaa ukumbini na wageni wanajimiminia kahawa wenyewe. Leo ameniuliza karatasi ziko wapi. Nikamwambia aniambie tu nimwandikie, akaniambia nikafue mapazia. Mapazia nimeyafua wiki iliyopita.

Lujain

*

Qurayyat
20 Februari 2024, mwezi tisa Shaabani

Balqees mwanangu,

Nnaandika mwenyewe kwa kalamu, hati utanisamehe. Lujain nimemtuma sokoni kutafuta kitu ambacho sokoni hakipo, kwa hivyo nna wasaa.

Kwanza umefanya vibaya kunidanganya ati kurasa. Baba yako Thani alikuwa hajui kudanganya, na weye umemrithi. Kudanganya kunataka kazi. Mie nlifanya kazi wiki sita, mikono ikapasuka kwa chokaa, nkamwambia kila mtu nimepata ukurutu.

Sasa sikiliza. Nlipoingia chumbani baada ya maji kupungua, nkaona dari lote liko kitandani, nlikaa kizingitini nkalia. Sikulilia plasta. Bakhit alizaliwa katika chumba kile, na mamake alimfundisha kuhesabu kwa maua yale, moja mpaka kumi, moja mpaka kumi, kila ua. Mie nlikuja kutoka Pangani bibi arusi wa miaka kumi na tisa, simjui mtu, na usiku wa kwanza hatukuwa na la kusema. Akanionyesha juu akanihesabia. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwanzo. Halafu daktari wa India ananiambia kwa simu, "Bibi, huyu bwana asipate mshituko." Nkasema vyema.

Rufus alitaka kuijaza petali ilovunjika. Alikuwa fundi kweli, kasoro inamuwasha. Nkamzuia. Nimefikiri miaka mingi kwa nini nlimzuia, na nnakwambia kama nijuavyo. Sikuweza kumwambia Bakhit kweli, na sikuweza kumfungia mlango wote. Mtu yule hakuwahi kunificha kitu katika miaka arobaini na kitu. Nkasema moyoni, akitaka kujua, ahesabu. Akifika tisa atajua. Na akijua kwa kuhesabu mwenyewe, pole pole, moyo hautashituka kama akiambiwa.

Basi alirudi. Walimpandisha juu baada ya sala ya alasiri, akalala, nkamwekea mito. Alitazama juu muda mrefu. Mie nimesimama na bilauri ya maji, siwezi kuiweka chini wala kumpa. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Hata maji yana adabu." Akaomba uji.

Tangu siku ile kila mgeni alomjia alimsimulia. Dari langu halikuguswa. Alisema mbele ya nduguze, alisema mbele ya watu wa ofisi yenu na mashine yao ya sauti, na mie nipo nnaleta tende. Kila akisema alinitazama. Labda alinitazama kwa sababu nlikuwa mbele yake. Miaka minne nlingoja aseme, "Ghaliya, mbona tisa?" Hakusema mpaka Mungu akamchukua.

Ama hakuhesabu tena, maana mtu hahesabu kitu anachokijua. Ama alihesabu siku ile ile, nami nimesimama na bilauri, akaona niliyoyafanya, akaamua kunihifadhi. Na kama ni hivyo, basi hadithi ile yote alokuwa akiwapa watu alikuwa akinipa mie, na yeye alidanganya vizuri kuliko mie na Rufus na sufuria yetu ya chai. Sijui. Wallahi mpaka leo sijui. Nnalala na swali hilo kama watu wanavyolala na mume.

Unasema unanihifadhi kwa wakwe zangu. Wataudhika, ndiyo. Watakuja kuniambia wameudhika, watakaa, watakunywa kahawa, na Ijumaa ya pili watarudi kuniambia tena. Mie na wao tumeshazoeana. Aibu unayoiogopa weye nimeshaivaa miaka kumi na saba, nimeizoea, hata haibani.

Kwa hivyo irudishe nyumba yangu kitabuni. Toa yale maneno ya mahujaji na kibla, ni mazuri lakini si yetu. Andika dari lilianguka. Andika aliyelitengeneza ni Rufus Njeru wa Embu, na jina lake litangulie langu, maana mie nlibeba ndoo tu. Andika petali zilikuwa kumi na kwamba Ghaliya binti Mutasim ndiye aliyetaka ziwe tisa, na sababu uiandike kama nlivyokwambia, usiipambe. Wasomi wenzio wakicheka, waache wacheke. Usiandike nlikuwa mke mwema. Andika nlimdanganya mume wangu, na ningelazimika ningelifanya tena.

Na fanya haraka, usinicheleweshee na hao wa kiwanda. Dawa simezi, Lujain amekwisha kukwambia, najua anaongeza maneno. Sina muda mwingi wa kungojea vitabu. Nikenda kuonana na Bakhit, nataka niwe nimeshasema, asije akaanza yeye.

Shangazi yako,
Ghaliya